Mtu Anayemjua Mwombaji

Asubuhi hiyo saluni ilikuwa imejaa pomoni. Wateja wawili walikuwa chini ya madraya, mmoja alikuwa anasukwa, na wa nne alikuwa ameegemeza kichwa kwenye beseni, macho ameyafumba, povu likimchuruzika shingoni. Kwa hiyo mlango uliposukumwa akaingia mwanamume wa makamo mwenye sare za polisi na jalada kwapani, maneno yalikatika kama uzi. Polisi haji saluni kusuka.

"Hamjambo humu ndani," alisema, akavua kofia.

"Hatujambo, afande," wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akijikagua moyoni asije akawa ndiye anayetafutwa.

Afande alimtaja mwenye saluni kwa jina lake la kwenye kitambulisho, jina ambalo hata wateja wake wa siku nyingi hawakulijua. Wao walimwita Msusi, basi, yakaisha. Msusi akaweka kitana chini, akajifuta mikono kwenye aproni. Polisi akikuulizia kwa jina kamili, ama kuna kesi ama kuna msiba, na yeye kesi hakuwa nayo.

"Usiogope, mama," afande akasema, kama aliyeona uso ukimpauka. "Natoka kitengo cha silaha. Kuna mtu ameomba kibali cha kumiliki bastola. Sheria inataka amtaje mtu aliyewahi kuishi naye nyumba moja, anayemjua kwa karibu, ili tumuulize habari zake. Amekutaja wewe."

Pilipili, msaidizi wa Msusi, ambaye hilo lakabu hakulipata kwa bahati mbaya, alisahau mpira wa maji mkononi mpaka maji yakamwingia yule mteja wa kwenye beseni sikioni, naye akapiga ukelele.

Afande akafungua jalada, akasoma jina. Mdomoni mwa askari lilisikika kama jina la mtu mgeni. Watu wote walimwita Baridi, kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa friji, pili kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepandisha hasira. Alikuwa mtalaka wa Msusi.

Msusi alimpeleka afande chumba cha nyuma, kilichojaa mafurushi ya nywele bandia, na viti viwili vya plastiki ambavyo kimoja ilibidi ukikalie kwa akili. Kwa heshima akampa afande kile kizima.

"Utakachosema hapa ni siri ya ofisi," afande akaanza, akifungua kalamu. "Yeye haonyeshwi. Aliwahi kukupiga?"

"Baridi?" Msusi nusura acheke. "Afande, yule hata kuku alikuwa hawezi kumchinja. Wakija wageni, kuku nilikuwa nampeleka kwa jirani, na yeye anajifungia chumbani mpaka aambiwe yamekwisha."

"Kukutishia?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Hata soda akinywa anapiga chafya."

"Ugomvi na majirani?"

"Majirani ndio waliokuwa wanagombana, wakaja kwake kusuluhishwa. Akawa anawasikiliza tu. Wakichoka kusema, wanapatana wenyewe."

Afande aliandika huku akitabasamu. Kisha akainua macho, na safari hii hakuitazama karatasi. "Mama, samahani. Hili silo la fomu. Kwa sifa zote hizi, mliachana kwa nini?"

Msusi akanyoosha aproni yake mapajani. "Tulifiwa na mtoto," alisema.

Walikuwa na binti mmoja. Kwa jinsi alivyokuwa akiongea tangu anafungua macho hadi usingizi unambeba, baba yake alimpa jina la Chiriku, likamganda, na wao wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku. Msimu mmoja wa mvua mtoto alishikwa na homa. Wakampeleka hospitali, akatiwa maji, akapata nafuu, akaanza hata kuwauliza wauguzi maswali yasiyojibika. Wakawa wanapanga kurudi nyumbani. Alfajiri moja hakuamka.

Ndugu walikuja, wakazika, wakatawanyika. Ndani ya nyumba wakabaki watu wawili ambao kwa miaka walikuwa wamezoea kusemewa na mtu wa tatu. Hawakugombana. Laiti wangegombana! Mke alitenga chakula, mume alikula, akasema ahsante. Mume aliuliza umeamkaje, mke akasema salama. Basi Msusi akaenda kwa dada yake kupumzika siku chache, siku zikazaa wiki, wiki zikazaa miezi, na mwisho zikaja karatasi za talaka, ambazo wote wawili walizitia sahihi kwa adabu, kama watu wanaopokea mzigo wa jirani aliyesafiri.

Hayo yote hakumweleza afande. Alisema tu, "Mtoto wa kike. Mmoja."

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa." Kisha, ili kuyatoa mazungumzo mahali palipouma, akauliza, "Na hiyo bastola, amesema anaitaka ya nini?"

Afande akapekua. "Kulinda mali."

Kicheko kilimtoka Msusi bila kuomba ruhusa. "Mali gani, afande? Yule utajiri wake ni bisibisi, na friji mbovu za watu. Mwizi akiingia kwake ataona huruma, amwachie chochote."

Afande naye akacheka mpaka kiti kizima kikalia. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Msusi alikuwa amekaza macho kwenye mafurushi ya nywele kama anayesoma kitu.

"Siku hizi anaishi na nani?"

"Peke yake. Nje ya mji huko, njia ya kiwanda cha matofali. Nilikwenda kukagua atakapoitunza silaha. Kasha la chuma ameshalifunga ukutani, imara kabisa. Kusema kweli, mwombaji nadhifu kama yule sijapata kumwona. Vifaa vyake vyote vimesafishwa, vimepangwa, kila kimoja kimebandikwa jina la mtu. Nikamuuliza, bwana, unahama? Akasema hapana, anapunguza vitu tu."

Msusi akageuka kumtazama afande. Yeye alimjua Baridi ambaye skrubu zake zilikuwa zinakutwa kwenye vikombe vya chai. Alimjua Baridi aliyekuwa akitafuta koleo nyumba nzima huku ameishika mkononi. Mtu huyo hakuwahi kupanga kitu katika maisha yake, na sasa alikuwa akivibandika vitu vyake majina ya watu wa kuvichukua.

Afande alikuwa ameshafunga jalada. "Basi mama, nashukuru. Majibu yako yote ni mazuri."

"Afande, msimpe."

"Unasemaje?"

"Msimpe hiyo bastola."

Afande akaketi tena, taratibu. "Mama, unanichanganya. Umenieleza hapa mtu ambaye hata inzi hamfukuzi."

"Na ni kweli. Sikudanganya hata neno. Hatamdhuru mtu yeyote." "Watu wengine wote wako salama naye, afande. Asiye salama naye ni yeye mwenyewe."

Upande wa pili wa pazia draya moja ilizimwa. Afande alimtazama, na uso wake wa kiaskari ukalegea, ukawa uso wa mtu mwenye watoto. Akafungua tena jalada. "Niandike hivyo?"

"Andika."

Alikuwa anamchongea mtu ambaye hakuwahi kumkosea, na mkono wa afande ulivyokuwa ukienda kwenye karatasi, alitamani kuushika. Hakuushika.

"Ombi nitalizuia," afande akasema alipomaliza. "Hilo ni la ofisi, na naliweza. Lakini mama, nikishazuia bastola sijamzuia mtu. Hapo mimi mkono wangu haufiki."

"Najua," Msusi akasema. Tayari alikuwa anafungua aproni.

Alimwachia Pilipili kichwa cha mteja kilichosukwa nusu. "Nusu nyingine malizia wewe," alisema, na mteja alipoanza kulalamika kwamba mikono ya Pilipili inavuta, Msusi alikuwa ameshavuka barabara anapungia bodaboda.

Nyumba ya Baridi ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye njia ya kiwanda cha matofali. Uani zilisimama friji zilizokufa, nyeupe, mistari kwa mistari, na zote zilikuwa zimeng'olewa milango. Baridi alikuwa akifanya hivyo tangu zamani, kabla hata hawajapata mtoto, ili watoto wa watu wasije wakaingia mchezoni wakafungiwa. Msusi aliipita milango ile iliyoegemezwa ukutani, akapiga hodi.

"Karibu," sauti ikajibu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji moja akiifuta vumbi. Alipoinuka akamwona, kitambaa kilibaki hewani.

"Mama Chiriku," alisema.

Hakuna aliyemwita hivyo tangu walipoachana. Msusi alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, tena maneno mazuri, lakini alipoona jinsi shati lilivyomning'inia mabegani yote yakayeyuka, akajikuta anauliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Lini?"

Baridi akafikiri. Alikuwa hajui kusema uongo hata wa adabu. "Jana," alisema.

Ndani palikuwa kama alivyosema afande. Vifaa vilikuwa vimepangwa mezani kwa ukubwa. Kwenye sanduku la bisibisi palikuwa na kikaratasi chenye jina la kijana ambaye Baridi aliwahi kumfundisha kazi, na kwenye ngazi jina la jirani. Kasha la chuma lilikuwa ukutani, mlango wazi, tupu. Msusi hakulitazama mara mbili. Aliinjika maji ya chai, akapata mkate mgumu na mayai, akakaanga. Baridi alikaa akimwangalia kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Yule askari amekuja saluni," Msusi akasema, mgongo amempa.

"Nilijua atakuja."

"Nimemwambia asikupe."

Birika lilikuwa linaanza kuimba. Msusi akaliipua.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huna cha kulinda."

"Wewe unajuaje nilicho nacho?" Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Msusi alisikia sauti yake ikipanda. "Uliondoka. Mtu akishaondoka hana kauli kwenye nyumba ya mtu. Unatoka huko mjini, unakuja kunipangia!"

"Kweli, sina kauli." Msusi akageuka, kijiko mkononi. "Nilikimbia, Baba Chiriku. Nyumba ilinishinda nikakimbia, nikakuachia yote uyabebe peke yako. Kwa hilo una haki ya kunichukia hadi kiama. Nichukie. Lakini uwe hai wa kunichukia."

Aliweka sahani mezani kwa kishindo, mayai yakaruka. Baridi aliyatazama mayai yale. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Msusi hakujua kama anacheka au analia, mpaka alipogundua kwamba hata mwenyewe hajui. Alilia kama watu wasiozoea kulia, kwa kelele mbaya, mikono imekosa pa kukaa. Msusi alivuta kiti, akakaa ubavuni kwake. Hakumwambia nyamaza. Siku ya mazishi watu wengi mno walikuwa wamewaambia nyamazeni.

"Sikuwa nimepanga siku," alisema alipoweza kusema. "Nilitaka tu iwepo. Nikilala nijue ipo. Najua ni upuuzi."

"Si upuuzi. Umechoka."

"Nimechoka," akakubali, kama mtu aliyekuwa akilitafuta neno hilo kwa miaka. Akajipangusa uso kwa kile kitambaa cha kufutia friji, ukawa mchafu zaidi. "Kwenye ile fomu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mtu anayemjua mwombaji. Nilianza kumwandika kaka. Kaka namjua, angesema mpeni, mdogo wangu ni mtu mzuri, hana neno. Kalamu ikasimama. Nikamfuta kaka, nikakuandika wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Sijui. Nadhani nilitaka aulizwe mtu atakayesema hapana."

Sasa ikawa zamu ya Msusi. Alikuwa amekuja amejikaza kama askari, na neno hilo moja likamvunja. Walikaa pale mayai yakipoa, mmoja akinyamaza mwingine anaanza, mpaka wakafika mahali ambapo hawakuwahi kufika wote wawili tangu msimu ule wa mvua, wakaanza kumtaja.

"Unakumbuka ile ya taa?" Baridi akauliza.

Msusi alikumbuka. Chiriku alitaka kujua kama taa ya friji huzimika kweli mlango ukifungwa, na kama inazimika, nani anayeizima. Hakuridhika na maelezo. Alitaka kuingia ndani akahakikishe. Baba yake, kwa kuogopa asije akajaribu siku moja peke yake, akachukua dreli, akatoboa tundu kwenye mlango wa friji yao wenyewe, nzima kabisa, ili mtoto achungulie.

"Friji yangu!" Msusi akasema, machozi yanamtoka na kicheko juu yake. "Mpya! Nikanunia nyumba nzima."

"Na yeye akachungulia, akasema..."

"'Baba, mwenye kuzima ana mkono mdogo, simwoni.'"

Walicheka mpaka Baridi akashika ubavu. Kisha akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye chai, akala. Akala na mayai.

Msusi hakumwacha peke yake siku ile. Alimpigia simu yule kaka, akamweleza bila kuzungukazunguka, na kabla giza halijaingia kaka mtu alikuwa amefika na mkewe na godoro, akilia na kumgombeza mdogo wake kwa zamu. "Fundi mzima! Friji za watu unazijua zinapougua, mwenyewe ukiugua husemi!" Kesho yake Msusi na shemeji yake walimsindikiza hospitali. Baridi alisita mlangoni pa daktari wa akili.

"Watu watasema nimerukwa na akili."

"Waseme," Msusi akajibu. "Wakichoka watanyamaza."

Barua ya polisi ilikuja baadaye, fupi, ikisema ombi limekataliwa na kwamba mwombaji ana haki ya kukata rufaa. Afande aliileta mwenyewe badala ya kuituma. Alisimama uani kati ya friji, kofia mkononi, akauliza kama bwana ana nia ya kukata rufaa.

"Sina," Baridi akasema.

"Vizuri," afande akasema, akampa mkono, akaushika kidogo zaidi ya inavyotakiwa kikazi.

Kupona kwake hakukuwa kwa kumeza kidonge na kuamka mpya. Kulikuwa na wiki ambazo alikwenda kwa daktari akaongea, na wiki ambazo alikwenda akakaa tu. Kulikuwa na asubuhi ambazo hakupokea simu, na Msusi akaruka juu ya pikipiki akaacha mtu kichwa nusu, akamkuta mzima, amelala akiutazama ukuta, akakaa naye mpaka alipoinuka. Wateja wakazoea. Wengine walikuwa wakifika wanauliza kwanza, "Leo utanimaliza au nina bahati mbaya?" Alirudi kazini polepole. Vile vikaratasi vya majina alivibandua mwenyewe, na kasha la chuma akamuuzia muuza duka mmoja mjini.

Hawakuoana tena, angalau si wakati huo. Pilipili alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo, akayatoa kila siku bila kuombwa. Msusi alimwambia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba nywele hazijifagii zenyewe.

Jumamosi moja draya iliharibika, Baridi akaja kuitengeneza. Saluni ilikuwa imejaa vilevile kama kawaida ya Jumamosi, na wanawake walikuwa wameshika mada ya harusi ya mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Baridi aliitengeneza draya katikati ya kelele zile, akaijaribu, ikavuma. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja apumzike kidogo. Alipokuja kumtazama, Msusi alimkuta ameegemea ukuta, kichwa kimeangukia begani, mdomo umefunguka kidogo, amepitiwa na usingizi mzito wa mchana.

Pilipili ndiye aliyemwona wa pili. Akaweka kidole mdomoni. Mmoja baada ya mwingine wanawake wakageuka, wakaona, na ile harusi ikakatwa katikati ya bibi harusi. Mtu akafunga bomba. Mwingine, ambaye zamu yake ya kukaa benchini ilikuwa imefika, akaamua kusimama. Msusi alichukua khanga iliyokuwa nyuma ya mlango, akamfunika miguu, kisha akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka, akaendelea, nywele baada ya nywele, bila haraka yoyote.